Ufuatiliaji na tathmini ya miradi Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa maofisa miradi, watendaji wa vijiji na kata, viongozi wa vikundi na kamati za maji katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Mashirika makubwa yana idara nzima za kazi hii. Hapa tunamfikiria zaidi mtu mmoja ambaye ndiye mratibu, ndiye mhasibu, na Ijumaa ndiye dereva wa pikipiki.

Ufuatiliaji na tathmini si kitu kimoja?

La. Ufuatiliaji ni kazi ya kila wiki na kila mwezi, nao hufanywa na walio ndani ya mradi: shughuli zinakwenda kama zilivyopangwa? Fedha inatumika panapotakiwa? Dalili za mabadiliko zimeanza kuonekana? Tathmini huja kwa vipindi, yaani katikati ya mradi, mwishoni, au miaka kadhaa baada ya kufungwa, na maswali yake ni mazito zaidi. Kilichotokea kimesababishwa na nini? Kilistahili gharama yake? Kitadumu mfadhili akiondoka? Ufuatiliaji ukionyesha kwamba vituo 9 kati ya 12 vinatoa maji, tathmini ndiyo itakayochimbua kwa nini vile vitatu vimekufa ilhali vyote vilijengwa na fundi yuleyule kwa mabomba yaleyale.

Kimoja hakiwezi kuziba pengo la kingine. Mtathmini akifika na kukuta mafaili matupu, siku zote za mkataba wake zitaishia katika kuwauliza watu wanakumbuka nini.

Tuanze na dodoso au bangokitita (jedwali la mpango wa mradi)?

Anzeni na maamuzi. Kaeni wote, mhasibu akiwemo, muandike maamuzi mtakayolazimika kuyafanya ndani ya mwaka mmoja ujao. Tuongeze vijiji au tubaki na hivi? Mbegu hii tuendelee nayo? Mwezeshaji mmoja anatosha kwa kata mbili? Kisha kwa kila uamuzi jiulizeni ni taarifa gani ingewafanya mgeuze msimamo. Hiyo ndiyo ya kukusanya. Taarifa ambayo ikipanda au ikishuka nyinyi mtaendelea vilevile, iacheni, hata kama miradi yote ya jirani inaikusanya.

Mkishafanya hivyo, bangokitita halisumbui. Chombo hiki, ambacho wengine hukiita logifremu, kilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, wakati huo shirika la misaada la Marekani, baada ya kuonekana kwamba mipango ya miradi haikueleweka, haikujulikana nani awajibike kwa lipi, na tathmini zilikuwa zikigeuka ugomvi kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika mapema mafanikio ni nini. Safu zake ni nne: maelezo ya mradi kuanzia shughuli hadi lengo kuu, viashiria (vipimo vya mafanikio), vyanzo vya uthibitisho, na dhana (mambo ya nje ambayo mradi unayategemea).

Safu ya dhana hujazwa mwisho, harakaharaka, kwa maneno kama "hali ya hewa itakuwa nzuri". Kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mradi wa kufundisha kilimo cha viazi mviringo Makete unasimama juu ya dhana kwamba barabara itapitika wakati wa mavuno na wanunuzi watafika. Dhana hiyo ikiporomoka, wakulima watakuwa wamefundishwa vizuri na viazi vitaozea shambani. Kwa hiyo fuatilieni barabara na wanunuzi kama mnavyofuatilia mafunzo.

Kiashiria kizuri kinatambulikaje?

Watu wawili wakienda kukipima siku hiyohiyo bila kuonana, warudi na jibu moja. Hilo ndilo jaribio la kwanza.

Chukua maji vijijini. "Idadi ya vituo vya kuchotea maji vilivyojengwa" ni rahisi kuhesabu na haisemi lolote kuhusu maisha ya watu. "Upatikanaji wa maji umeboreshwa" una maana kubwa lakini haupimiki. Sera ya Maji ya mwaka 2002 imekwisha kutupa vipimo: lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kwa watu 250. Humo mnapata viashiria vitatu. Ongezeni cha nne, ambacho mimi ningekitanguliza: asilimia ya vituo vinavyotoa maji siku ya ukaguzi usiotangazwa. Ukaguzi uliotangazwa hukuta bomba limetengenezwa jana yake.

Halafu ombeni daftari la makusanyo la chombo cha watoa huduma ya maji, kile wengi wanachokiita kwa kifupi chake cha CBWSO. Kituo kinachotoa maji leo huku daftari likionyesha hakuna aliyelipa kwa miezi minne, kitakufa pampu itakapoharibika. Daftari litawatahadharisha mapema kuliko bomba.

Mfadhili ametuletea viashiria 40. Tufanye nini?

Jadilianeni kabla ya kusaini mkataba, kwa sababu baada ya kusaini hamna nguvu tena. Wapelekeeni hesabu ya saa: kila kiashiria kinachukua muda gani, wa nani, kwa nauli ipi. Mara nyingi ofisa wa upande wa pili alinakili orodha kutoka mradi mwingine, na naye anafurahi kupata sababu ya kuipunguza.

Mradi ulianza bila takwimu za awali. Bado tunaweza kutathmini?

Mnaweza, kwa tahadhari. Njia ya kwanza ni kutafuta kumbukumbu zilizoandikwa na wengine kabla yenu: rejesta za zahanati, madaftari ya mahudhurio shuleni, vitabu vya ushirika wa chai au kahawa, taarifa za ofisa ugani wa kata, na takwimu za Sensa ya 2022 kwa idadi ya watu na hali ya makazi. Njia ya pili ni kuwaomba watu wakumbuke. Hapo tumieni tukio wanalolijua wote. Msiseme "miaka mitatu iliyopita". Semeni "mwaka ule wa sensa" au "msimu ambao ruzuku ya mbolea ilianza". Ulizeni mambo makubwa yasiyosahaulika, kama walikuwa na ng'ombe, walikuwa na bati, watoto walikuwa wanasoma wapi. Kilo za mahindi za misimu mitatu nyuma hakuna anayezikumbuka. Atakayewatajia anawaonea huruma tu.

Na ripoti iseme wazi kwamba hali ya awali imejengwa hivyo.

Takwimu za kilimo na kipato tukusanye mwezi gani?

Swali hili linastahili kikao kizima, na mara nyingi halipewi hata dakika tano.

Sehemu kubwa ya nyanda hizi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mahindi huvunwa kuanzia Mei hadi Agosti. Januari hadi Machi ghala za kaya nyingi huwa zimepungua, na vibarua vinatafutwa. Sasa fikiria mradi uliopima hali ya awali mwezi Februari na tathmini ya mwisho ikafanyika Julai. Kaya zitaonekana zinakula milo mingi zaidi, zina akiba zaidi, zina furaha zaidi. Mradi utasifiwa kwa kazi iliyofanywa na kalenda. Ukigeuza miezi hiyo, mradi mzuri utaonekana umewafukarisha watu. Kwa hiyo sheria ni moja: mwezi uleule, mwanzo na mwisho. Mkataba ukiisha mwezi usiofaa, ombeni tathmini isogezwe. Wafadhili wengi hukubali wakielezwa kwa kalenda ya mazao iliyochorwa.

Tena msidhani kila wilaya inafuata kalenda hiyo. Kyela na Rungwe mvua ni nyingi na huchukua muda mrefu zaidi. Iringa na Njombe kuna vinyungu, bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi, na fedha ya vinyungu ndiyo inayolipa ada na kununua mbolea ya msimu unaofuata. Dodoso linalouliza "mazao ya msimu" peke yake linaruka kipato hicho chote. Viazi navyo hulimwa zaidi ya mara moja kwa mwaka sehemu nyingi. Kabla ya kuchapa dodoso, pelekeni kalenda yenu kwa wakulima watano wa kijiji husika waikosoe.

Wakulima wanajibu kwa magunia, madebe na ekari za macho. Tutapataje kilo?

Ni kweli, na ndipo takwimu nyingi za kilimo huharibikia. Gunia la viazi lililojazwa lumbesa si gunia lile lililofungwa usawa wa mdomo, na licha ya Wakala wa Vipimo kupiga marufuku lumbesa, mkulima anayekujibu anakumbuka gunia alilouza, lenye kilemba. Mbarali, mtu akisema gunia, uliza ni la mpunga au la mchele, maana kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa takribani kilo 60 hadi 65 za mchele. Ukichanganya hayo mawili kwenye safu moja, mavuno ya kijiji yatapanda na kushuka bila jembe kuguswa.

Dawa ni kuandika kipimo alichotaja mkulima kama alivyokitaja, pamoja na hali ya zao: mabichi au makavu, yamepukuchuliwa au bado, yamekobolewa au la. Kisha wadadisi, yaani wanaokwenda kuhoji kaya, waende na mizani ya kuning'iniza na kupima magunia na madebe machache katika kila kijiji ili mpate kigezo cha kubadilishia cha kijiji hicho. Kigezo cha Wanging'ombe msikipeleke Mbozi.

Eneo nalo lina mambo yake. Wengi hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047, yaani kama mita 64 kila upande, hivyo jibu linategemea urefu wa miguu ya aliyepima. Mashamba ya milimani yasiyo na umbo ndiyo hudanganya zaidi. Kama mavuno kwa ekari ni kiashiria chenu kikuu, zungukeni mpaka wa shamba na simu yenye GPS, angalau kwa sehemu ya sampuli. Kama si kikuu, msijisumbue. Ulizeni mauzo na siku za chakula ghalani.

Tumhoji nani nyumbani?

Dodoso likisema "mkuu wa kaya", wadadisi watamhoji baba. Baba anajua mahindi yaliyouzwa kwa gunia, bei ya mbolea na madeni ya pembejeo. Mara nyingi hajui maziwa yaliyouzwa kwa kikombe, mboga za kinyungu, wala fedha iliyoko kwenye kikoba. Miradi ya lishe na ya ufugaji mdogo imeonekana haina faida kwa sababu aliulizwa mtu asiyeshika fedha hiyo. Gawanyeni dodoso: sehemu moja kwake, nyingine kwa mama, kila mmoja kwa nafasi yake. Majibu yakitofautiana, hiyo nayo ni taarifa. Msiwapatanishe.

Sampuli iwe ya kaya ngapi?

Kwa matumizi ya kawaida, fomula ya Yamane inatosha: idadi ya kaya zote gawanya kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linalokubalika. Mradi wenye kaya 1,200, kwa kosa la asilimia 5: 1,200 mara 0.0025 ni 3. Ongeza 1 upate 4. 1,200 gawanya kwa 4 ni kaya 300. Mkikubali kosa la asilimia 10, zinashuka hadi 92. Tofauti hiyo ya kaya 208 ni mafuta, posho na wiki nzima ya kazi, basi jiulizeni kama uamuzi mnaotaka kuufanya unahitaji usahihi wa kiasi hicho.

Kuna mtego. Fomula hiyo inachukulia kwamba mmechagua kaya mojamoja kutoka orodha nzima. Mkichagua vijiji kwanza, kisha kaya ndani ya vijiji, watu wa kijiji kimoja hufanana, na kaya 300 zenu zina uzito wa kaya chache zaidi. Wengi huongeza sampuli mara moja na nusu hadi mara mbili kufidia. Ni afadhali vijiji vingi vyenye kaya chache kila kimoja.

Orodha itoke kwenye daftari la wakazi la kijiji, lakini pitieni kwanza na wenyeviti wa vitongoji. Kaya zilizohamia juzi, wajane waliorudi kwao na watu wenye ulemavu wanaoishi nyuma ya nyumba ya ndugu huwa hawamo. Na mwenyekiti asiwachagulie "kaya nzuri za kuhoji".

Tutajuaje kwamba mabadiliko yametokana na sisi?

Tuseme mradi wenu ulianza 2021 Mbozi, kufundisha matumizi sahihi ya mbolea kwenye mahindi. Tathmini ya 2024 ikakuta mavuno yamepanda kutoka magunia 9 hadi 14 kwa ekari. Mkashangilia. Lakini katikati hapo bei ya mbolea ilikuwa imepaa, kisha serikali ikaanza ruzuku katika msimu wa 2022/23, na uzinduzi wake ulifanyika Mbeya kwenye Nane Nane ya mwaka 2022. Mkulima ambaye hajawahi kusikia jina la mradi wenu naye alipata mbolea kwa bei nafuu. Magunia matano hayo ni ya nani?

Hapo ndipo kundi linganishi linapohitajika. Pimeni pia vijiji vinavyofanana na vyenu kwa udongo, mvua na umbali wa soko, ambavyo mradi haukufika, mwanzo na mwisho. Kama huko mavuno yalipanda kutoka magunia 8 hadi 11, basi magunia matatu ni ya ruzuku, mvua na mengineyo. Yenu ni mawili. Mawili si haba, na yanaweza kutetewa mbele ya yeyote.

Watu husita kuhoji vijiji ambavyo havitapata kitu, na wana haki ya kusita. Njia yenye staha ni kuvitumia vijiji vya awamu ya pili: vinapimwa sasa, vinahudumiwa mwakani, na vinaambiwa hivyo tangu mwanzo. Msipoweza kupata kundi linganishi kabisa, andikeni orodha ya mambo mengine yote yaliyoweza kuleta mabadiliko hayo, kisha yachunguzeni moja baada ya jingine kwa kuhoji na kwa nyaraka. Baada ya hapo semeni mmechangia. Msiseme mmesababisha.

Mkoa wetu una maambukizi makubwa ya VVU na udumavu. Tutumie takwimu hizo za kitaifa kama viashiria vya mradi?

Kuelezea tatizo, ndiyo. Kupima mradi wenu, hapana, na sababu kwa VVU na kwa udumavu hazifanani.

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye miaka 15 na zaidi nchini wanaishi na VVU. Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mradi wa kinga utatamani namba hiyo ishuke. Lakini dawa za ARV zinawawezesha watu kuishi miaka mingi, na kila anayeishi anabaki kwenye hesabu. Mkoa unaotibu vizuri unaweza kuona kiwango hicho kikibaki juu, hata kupanda, huku maambukizi mapya yakipungua. Ukikitumia kupima kinga, unaweza kuadhibu kliniki kwa kuokoa watu. Fuatilieni badala yake vitu vilivyo karibu na kazi yenu: wangapi wamepima, wangapi waliokutwa na virusi wameanza dawa, wangapi bado wanazitumia baada ya mwaka, na wangapi virusi vyao vimefubazwa.

Udumavu ni habari nyingine. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8, mikoa inayolisha nchi. Hapa kiashiria chenyewe ni kizuri. Tatizo ni mwendo wake. Udumavu hujengwa tangu mimba hadi miaka miwili ya mwanzo, na urefu uliopotea haurudi kirahisi. Mradi wa miezi 18 hauwezi kuuhamisha kwa kiasi kinachopimika, na sampuli ya utafiti wa kitaifa imepangwa kutoa jibu la mkoa, si la kata yenu. Pimeni ulaji: asilimia ya watoto wa miezi 6 hadi 23 waliokula angalau makundi 5 kati ya 8 ya chakula jana yake. Hilo hubadilika ndani ya muda wa mradi. Pimeni pia mzigo wa mama, yaani saa anazokaa shambani na nani anamlisha mtoto asipokuwepo, maana katika mikoa yenye chakula tele swali la nani yuko nyumbani huwa lina uzito kuliko la ghala lina nini.

Wadadisi watoke mjini au kijijini?

Watoke wilaya hiyohiyo, lakini kijana asihoji kijiji chake. Mtu hatamwambia mtoto wa jirani kiasi cha deni lake.

Wazee wengine wako huru zaidi katika Kihehe, Kinyakyusa, Kisafwa au Kinyiha. Wadadisi wakae pamoja wakubaliane swali gumu litaulizwaje katika lugha hiyo, waliandike, ili kila mmoja asije na tafsiri yake. Na salamu isipunguzwe. Ukiruka "kamwene" ukaanza na "jina la mkuu wa kaya", utapata majibu ya mkato hadi ukurasa wa mwisho.

Vishikwambi au simu zenye programu kama KoboToolbox au ODK hufanya kazi bila mtandao na hutuma baadaye, jambo la lazima Ludewa na Makete. Zikagueni kila jioni, si mwisho wa zoezi. Msimamizi arudie kaya chache kati ya kila 20, aulize maswali matatu tu. Wadadisi wakijua kuna kurudiwa, dodoso hazijazwi chini ya mwembe.

Tuwalipe wahojiwa na wahudhuriaji?

Mhojiwa wa kaya: asante, pengine sabuni au chumvi baada ya mahojiano, bila kutangaza kabla. Mjumbe aliyesafiri: nauli halisi. Posho ya kikao kwa kila anayefika huharibu kiashiria cha ushiriki, kwa sababu hamtajua tena nani amekuja kwa ajili ya mradi. Kama halmashauri au miradi mingine inalipa na nyinyi mnaonekana wachoyo, elezeni utaratibu wenu mapema kwa maandishi, mbele ya mtendaji wa kata.

Tunahitaji vibali gani?

Kwa ufuatiliaji wa ndani, barua ya utambulisho kutoka kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, kisha kata, kisha kijiji. Msiruke ngazi. Utafiti wenye watafiti wa kigeni unahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), na utafiti wa afya unahitaji idhini ya maadili, ambayo kitaifa hutolewa na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Majina, namba za simu, hali ya afya na mahali nyumba ilipo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ombeni ridhaa, toeni majina kwenye faili la uchambuzi, na orodha ya wanaotumia ARV isipite kwenye kundi la WhatsApp la mradi, hata kwa dakika moja.

Sisi ni kikundi tu cha mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Haya yote yanatuhusu?

Machache. Wekeni daftari moja: marejesho kila mwezi, mtaji uliozungushwa, na kila mwanachama amebaki na kiasi gani. Mkifika wakati wa kuomba mkopo mkubwa zaidi, daftari hilo litawasemea.

Masimulizi ya watu ni ushahidi?

Ni ushahidi yakikusanywa kwa utaratibu. Waulizeni watu wengi swali moja, kwamba badiliko gani lilikuwa kubwa kuliko yote kwao, zuri au baya, kisha kamati ijadili na ichague huku ikiandika sababu za kuchagua. Hadithi moja ya mama aliyefanikiwa, iliyochaguliwa na ofisa habari, ni tangazo.

Mtathmini wa nje tumwandikieje hadidu za rejea (maelezo ya kazi yake)?

Mpeni maswali matano hadi saba, si ishirini. Vigezo vya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ndivyo vinavyotumika zaidi: umuhimu, uwiano na juhudi nyingine, ufanisi katika kufikia malengo, tija katika gharama, matokeo ya muda mrefu na uendelevu. Kile cha uwiano kiliongezwa mwaka 2019, na huku kwetu kina kazi, kwa sababu si ajabu kukuta asasi tatu zinafundisha wakulima walewale wa kijiji kimoja, kila moja kwa nafasi tofauti za mistari. Msilazimike kutumia vyote sita. Chagueni vinavyogusa uamuzi ulio mbele yenu, na andikeni kwamba mtathmini atachagua mwenyewe vijiji vya kutembelea.

Matokeo yametoka mabaya. Tufanyeje?

Yaandikeni, pamoja na sababu na mlichobadilisha. Mpelekeeni mfadhili habari kabla ya ripoti, kwa simu au ana kwa ana. Kinachovunja uaminifu ni kushtukizwa.

Wananchi warudishiwe majibu wapi?

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ombeni nafasi kwa mwenyekiti mapema. Pelekeni namba tatu tu, kwenye karatasi kubwa, na fedha iliyotumika iwe mojawapo. Acheni nakala kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Maswali yatakayoulizwa pale, hasa kuhusu fedha na nani aliachwa, huwa makali kuliko ya mtathmini yeyote, kwa hiyo mtu wa kuandika kumbukumbu asikosekane.

Bajeti ya ufuatiliaji na tathmini iwe kiasi gani?

Asilimia 5 hadi 10 ya bajeti ya mradi ndiyo hutajwa mara nyingi. Mradi mdogo huhitaji asilimia kubwa zaidi, kwa sababu mafuta ya kutoka Mbeya mjini hadi Chunya hayajui ukubwa wa mradi.

Mradi wetu wa parachichi ni wa miaka mitatu. Tutaonyesha nini mwishoni?

Mche uliounganishwa huanza kuzaa kama mwaka wa tatu au wa nne, na mavuno yenye fedha huja baadaye. Mkiahidi ongezeko la kipato ndani ya miaka mitatu mtashindwa hata kama kila mti umeota. Miradi ya misonobari Mufindi ina shida hiyohiyo, kwa kipimo cha miaka kumi na zaidi. Ahidini vinavyoweza kuonekana: asilimia ya miche iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza na cha pili, wakulima wanaopogoa na kuweka mboji bila kukumbushwa, mikataba au mazungumzo na wanunuzi, na kile kaya inachovuna kati ya mistari wakati ikisubiri, kama maharage. Kwa kila shamba la sampuli chukueni alama ya GPS, idadi ya miti na mwaka wa kupanda, kisha nakala moja mwachieni ofisa kilimo wa kata. Akihamishwa, iwepo nyingine kwa mtendaji wa kijiji, ili atakayekuja kupima mavuno miaka mitano baadaye ajue aanzie shamba gani.